Itaendelea Wiki Ijayo... Na Isipoendelea Je?

Liko neno moja gazetini linaloweza kumfanya mtu mzima na ndevu zake atoe tusi mbele ya watoto. Si bei ya unga wala matokeo ya mpira. Ni lile linalokaa chini kabisa, mwisho wa hadithi: itaendelea. Jambazi keshavunja mlango, bibi harusi yuko ndani na mtu ambaye si bwana harusi, umeme umekatika, mara... itaendelea! Unakunja gazeti huku unamlaani mtunzi, na wiki ya pili wewe ndo wa kwanza kumuamkia muuza magazeti.

Sasa kuna Wamarekani fulani walioichukua biashara hiyohiyo wakaitia kwenye kompyuta. Walikuwa wanauza gemu kwa vipande. Leo sehemu ya kwanza, mwezi ujao ya pili, na wewe huku roho iko juu. Walipata jina, wakapata na mshiko, halafu Ijumaa moja ya Septemba 2018 wakafunga duka hadithi ikiwa katikati. Mpaka leo ukiwakuta wapenzi wa magemu hayo wamekaa mahali, ujue maongezi yatafika hapo tu, na yakifika hapo watu wanashikana mashati.

Kabla sijamwaga mambo, niwaweke sawa wale ambao kwao gemu ni la kupiga mpira au kupiga risasi, basi. Haya ninayosema ni magemu ya visa na mafumbo. Hakuna haraka. Unampeleka mtu wako huku na huku, anaongea na watu, anaokota vitu, halafu unakuna kichwa: hii kamba na hii ndoo vinanisaidiaje kupita lile daraja? Mwanzilishi ni Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa na uchizi wa kuingia mapangoni. Katikati ya miaka ya 1970 alitengeneza gemu la pango lisilo na picha hata moja, ni maneno matupu, na mwaka 1977 Don Woods akaliongezea utamu. Mwaka 1980 mke na mume, Roberta na Ken Williams, wakatoa Mystery House, lenye michoro. Mwaka 1984 wakaja na King's Quest, na kampuni yao ya Sierra ikawa ndo baba wa mji.

Tatizo la Sierra lilikuwa roho mbaya. Sitanii! Chukua King's Quest V ya mwaka 1990. Unapita zako mjini, unamuona paka anamfukuza panya. Usipowahi kumtupia paka kitu kama kiatu kibovu, panya kaliwa, na wewe unaendelea na safari bila habari. Masaa kibao baadaye unafungwa kamba kwenye stoo ya chini ya nyumba ya wageni. Aliyetakiwa kuja kuitafuna kamba ni nani? Yule panya! Hayupo. Kwisha kazi, rudi mwanzo. Kampuni zenyewe zilikuwa na namba za simu za kulipia, ukikwama unapiga unaelekezwa. Sasa niambie, mtu anayekuuzia fumbo halafu anakuuzia na jibu, huyo utamwitaje?

Pale kijiweni kwetu yupo dada mmoja, mhasibu, Sierra damu. Ukiyasema haya anabadilika sura. Yeye anasema huo ndo ulikuwa ukweli wa maisha, kosa la asubuhi linakulipisha jioni, na magemu ya siku hizi yanatulea kama mayai. Namheshimu sana dada yangu huyo, lakini mie niko chama pinzani.

MIPASHO NA MAPANGA

Chama pinzani ni LucasArts, kampuni ya George Lucas, yule wa Star Wars. Mle ndani alikuwepo kijana anaitwa Ron Gilbert ambaye mwaka 1989 aliandika makala nzima ya kuzilalamikia tabia hizo za kuua watu ovyo. Mwaka 1990 yeye na wenzake, Tim Schafer na Dave Grossman, wakatoa The Secret of Monkey Island. Hapo ndo watu wakadata.

Nyota wa gemu ni Guybrush Threepwood, kijana mwembamba anayetaka kuwa haramia wa baharini wakati hata sura ya uharamia hana. Humo ndani hufi. Amejisifu kwamba anaweza kubana pumzi dakika 10, na kweli, ukimwacha chini ya maji dakika zaidi ya hizo anakata kamba, lakini mtu wa kukaa dakika 10 anamtazama mwenzake anazama huyo ana yake. Na kupigana upanga kunakwendaje? Kwa mipasho! Mnashikiana mapanga, mmoja anamtupia mwenzake neno, mwingine anatakiwa awe na jibu la kumzima. Ukikosa jibu unarudi nyuma. Kwa hiyo kazi yako ni kuzunguka kisiwani kutafuta maharamia wa kukutukana ili ujifunze matusi yao. Mtu yeyote aliyewahi kukaa ukumbini usiku wa taarabu anajua kwamba hilo si jambo la kubuni sana.

Halafu kulikuwa na utani wa disketi. Enzi hizo gemu lilikuja kwenye disketi kadhaa, unatoa hii unaweka ile. Ukichungulia kwenye kisiki fulani msituni, kompyuta inakudai uweke disketi namba 22. Ukikosa inakudai nyingine, namba kubwa zaidi. Ulikuwa utani mtupu, disketi hizo hazikuwepo. Lakini wapo waliopiga ile simu ya msaada kulalamika kwamba wameuziwa boksi pungufu! Matoleo ya baadaye utani huo ukatolewa.

Na wao pia walichemsha, tusidanganyane. Kwenye Monkey Island 2 ya mwaka 1991 kuna pampu ya maji unatakiwa kuifunga. Spana huna. Jibu lake? Unamchukua nyani mpiga piano, unamduwaza kwa ndizi, unamtia kwenye koti, halafu unamtumia yeye kufungia pampu! Kisa? Kwa Kimarekani aina moja ya spana jina lake lina nyani ndani. Waingereza wenyewe, wenye Kiingereza chao, hawakuelewa, maana kwao chombo hicho kina jina jingine. Sisi ndo kabisa. Mafundi wetu spana inayojifungua na kujibana kila nati wanaiita spana malaya, sasa fikiria fumbo hilo lingetungwa gereji za Ilala gemu lingepigwa marufuku siku ya kwanza.

Fumbo linaloongoza kwa kutajwa watu wakitaka kuonyesha ugonjwa uliowaua wakongwe hawa ni la Gabriel Knight 3, Sierra hao tena, mwaka 1999. Unataka kukodi pikipiki kwa jina la jamaa mwingine. Basi unabandika utepe wa gundi pahala paka anapopita ili umnyofoe manyoya, unayagandisha mdomoni kwa sharubati ya mti, unapata masharubu ya bandia ufanane na mwenye jina. Kumbe mwenyewe hana masharubu! Kwa hiyo unachukua kalamu unamchorea kwenye picha ya pasi yake ya kusafiria. Ebwana, mtu mwenye akili timamu atalijuaje hilo?

Watu wakahamia kwenye magemu ya kukimbia na kufyatua. LucasArts nao wakaanza kuona soni. Machi 2004 wakalifuta gemu la Sam & Max lililokuwa likisubiriwa kwa hamu, visa vya mbwa mpelelezi mwenye suti na kofia na mwenzake kisungura mwenye vurugu. Mashabiki walilia, wakakusanya saini, wapi! Haikusaidia kitu.

SASA NDO WAKAZALIWA

Mwaka huohuo wa 2004, baadhi ya waliokuwa LucasArts wakaanzisha chao kule California. Wakakiita Telltale. Hoja yao ilikuwa rahisi. Gemu kubwa linakula miaka mitatu na hela nyingi, likianguka mmekufa wote. Kwa nini tusitengeneze fupi, tuuze kwenye mtandao kama tamthilia ya televisheni? Walianza na Bone mwaka 2005, wakatoa sehemu mbili, hadithi ikaishia njiani (kumbe dalili zilikuwepo tangu mwanzo!). Kisha wakamchukua yuleyule Sam na yuleyule Max waliotupwa. Kuanzia Oktoba 2006 hadi Aprili 2007 wakatoa sehemu sita, takriban kila mwezi moja, kama mshahara. Mwaka 2009 wakarudisha Guybrush kwa sehemu tano. Wazee wa mafumbo tukapata uhai tena.

Lakini bomu lenyewe lilikuwa mwaka 2012, The Walking Dead. (Hujalicheza na unakusudia? Ruka aya tatu, usije ukanimaind.) Ni ile habari ya wafu wanaotembea, ila hapa kuna Lee, mwalimu wa zamani aliyekuwa anapelekwa gerezani kwa kosa la kuua, na Clementine, mtoto wa kike wa miaka minane ambaye wazazi wake wako mbali. Mafumbo yamepunguzwa. Kilichobaki ni maamuzi, na kila uamuzi una saa inayokimbia. Wawili wanashambuliwa kwa pamoja, unaweza kumuokoa mmoja. Unaye nani? Sekunde zinakwisha...

Sehemu ya pili kuna kipande hakikai hata dakika tano na sijakisahau. Kundi limejificha kwenye moteli, njaa kali, unapewa chakula cha kugawa. Vipande vinne. Watu ni kumi. Wapo watoto, yupo mzee mkorofi anayekutukana kila siku, yupo jamaa mwenye nguvu ambaye kesho utamhitaji. Hakuna jibu la kutafuta kwa simu ya kulipia hapo! Gawa uonavyo, na usiyempa anakukumbuka. Sehemu ikiisha unaletewa asilimia: wachezaji wangapi duniani walifanya kama wewe, wangapi walifanya vingine.

Hapo ndipo ulipokuwa uchawi wa jamaa hawa, na nasema hivi nikijua dada yetu wa Sierra atanisoma. Sehemu ya kwanza ilitoka Aprili, ya tano Novemba 2012. Katikati, miezi miwili miwili ya kusubiri, hakuna mtu aliyekuwa mbele ya mwenzake. Bilionea na mwanafunzi wote walikuwa wamekwama palepale, Lee kaumwa na mfu mwisho wa sehemu ya nne, na hakuna aliyejua mtoto atabaki na nani. Watu walikuwa wanabishana kuhusu ule mgao wa chakula kama wanabishana juu ya ndugu zao. Mmoja anasema mie nililisha watoto tu. Mwingine anamjibu, wewe ungetuua wote, mwenye shoka ndiye wa kumlisha. Gemu limezimwa, kompyuta imefunikwa kitambaa, na bado linachezwa. Kwa ajili ya ule mwisho, Lee kafungwa pingu na mtoto kasimama mbele yake, najua wanaume waliotoka kwenda kununua vocha usiku wa manane ili wasionekane macho.

Gemu hilo likabeba tuzo za mwaka huo, na zikauzwa sehemu zaidi ya milioni 8. Bei ya moja ilikuwa dola 5 kasoro senti. Telltale wakawa mabwana wakubwa.

IJUMAA YA KASHESHE

Ukubwa ndo uliowaponza. Kila jina kubwa la sinema likataka gemu lake, na wao wakawa wanasema ndiyo kwa kila mtu: Game of Thrones, Batman, Minecraft, Borderlands, Guardians of the Galaxy. Mtindo uleule, mashine ileile, wafanyakazi hawalali. Novemba 2017 wakapunguza watu 90, robo nzima ya kampuni. Waliobaki wakaambiwa sasa mambo yatanyooka.

Agosti 2018 ikaanza The Walking Dead ya mwisho kabisa, sehemu nne. Clementine kawa msichana mkubwa, naye sasa ana mtoto wa kumlea, AJ. Wapenzi wengi walilipia zote nne kwa mpigo. Ijumaa tarehe 21 Septemba 2018 wafanyakazi wapatao 250 wakaitwa na kuambiwa kazi basi. Kiinua mgongo hakuna. Bima ya afya mwisho wa mwezi huohuo. Wakabakizwa watu 25 hivi. Jumanne iliyofuata, tarehe 25, sehemu ya pili ikatoka kama vile hakuna lililotokea, na baada ya hapo kimya.

Hapo mashabiki wakagawanyika, na mgawanyiko huo ndio uliosababisha niandike makala hii. Kundi moja lilisema: nimelipia sehemu nne, nina mbili, nirudishieni changu au malizieni. Ni haki yao, hela ni hela. Kundi la pili likasema: ngoja kwanza. Aliyekuwa anamchora Clementine ana watoto, leo hajui kodi ya nyumba atalipa na nini, na wewe unadai akumalizie hadithi? Waliposikia kampuni inatafuta mtu wa kuikamilisha kazi, wapo waliopiga kelele kwamba hapana, hela yoyote itakayopatikana waanze kulipwa watu waliofukuzwa, gemu baadaye. Wapo wafanyakazi waliosema hivyohivyo wenyewe. Na wapo wengine waliokuwa tayari kurudi na kumaliza, kwa sababu walishaishi na yule mtoto miaka sita na hawakutaka aishie njiani.

Mie nilikuwa na kundi la pili na mpaka leo sijahama. Ila nakiri hoja ya kundi la kwanza ina meno. Mtu akikuuzia kitabu na kurasa nusu hazimo, unakirudisha dukani. Mtu akikuuzia sehemu nne ambazo mbili hazijatengenezwa, kakuuzia nini hasa? Kakuuzia ahadi. Na ahadi haina risiti ya kurudishia.

Aliyeokoa jahazi ni Skybound, kampuni ya Robert Kirkman, mtunzi wa hadithi yenyewe ya The Walking Dead. Oktoba 2018 wakatangaza wanaichukua, wakawaajiri baadhi ya walewale waliofukuzwa, na kundi hilo likajiita Still Not Bitten, yaani wao hawajang'atwa bado. Sehemu ya tatu ikatoka Januari 2019, ya nne Machi. Clementine akapata mwisho wake.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Game of Thrones ya Telltale iliishia mwaka 2015 familia nzima ikiwa imetawanyika, msimu wa pili ukaahidiwa, haukuja, na gemu lenyewe baadaye likaondolewa kwenye maduka ya mtandao. SiN Episodes ilitangazwa kuwa na sehemu tisa. Ilitoka moja, mwaka 2006! Na wapenzi wa kufyatua risasi wana msiba wao, Half-Life 2. Sehemu ya pili ilitoka Oktoba 2007 ikamwacha msichana analilia maiti ya baba yake, na ya tatu haikutoka kamwe. Wala si ugonjwa wa kompyuta peke yake. Charles Dickens aliuza hadithi zake kwa vipande kila mwezi, na mwaka 1870 akafariki akiwa kaandika nusu tu ya hadithi ya mauaji. Muuaji hakuwahi kutajwa. Yeye lakini alikuwa na udhuru.

WANAOSUBIRI NA WANAOLIPA

Tangu siku hiyo kijiwe chetu kina vyama vipya. Kuna mshikaji, fundi simu, kajiapiza hanunui kitu cha vipande mpaka kipande cha mwisho kimetoka. Anasubiri, bei inashuka, anabeba vyote kwa mkupuo anamaliza Jumamosi moja. Kwa mfuko wake ana akili sana. Ila ukimuuliza, mwanangu, wote tukifanya kama wewe, mtengenezaji atamlipa nani mshahara wa sehemu ya tatu? Anacheka tu.

Maana hapo ndipo penye kitanzi. Gemu la vipande linaishi kwa hela ya kipande cha kwanza. Wateja wakiogopa kwamba halitaisha, hawanunui. Wasiponunua, haliishi. Woga unajitengenezea ushahidi wenyewe! Na kila kampuni inayofia njiani inazidisha wanaosubiri kwenye ile inayofuata.

Ndiyo maana wengi wakaikimbia njia hiyo. Wafaransa wa Dontnod walitikisa mwaka 2015 na Life is Strange, sehemu tano kuanzia Januari hadi Oktoba, kisa cha mwanafunzi wa kike anayeweza kurudisha muda nyuma. Ilipofika mwaka 2021, toleo la True Colors likatoka lote kwa siku moja. Kentucky Route Zero, ambayo mie naiweka juu ya karibu zote nilizozitaja, ilikuwa kazi ya vijana watatu. Sehemu ya kwanza Januari 2013, ya tano Januari 2020. Miaka saba! Mtoto aliyezaliwa siku ya sehemu ya kwanza, sehemu ya mwisho imemkuta amevaa sare anakwenda darasa la kwanza. Lakini walimaliza, na tarehe waliacha kuzitaja.

Dada yetu wa Sierra hukaa kimya akisikiliza haya, kisha anatoa simu. Ameweka ScummVM, programu ya bure iliyoanza mwaka 2001 kwa ajili ya kuyachezesha haya makongwe kwenye mashine za kisasa. Anayo Monkey Island ya 1990, anayo na King's Quest yake, anacheza kwenye daladala. Hoja yake haihitaji maneno mengi. Kilichokuja ndani ya boksi kikiwa kamili, miaka zaidi ya thelathini bado ni kamili. Hakisubiri kampuni iwe hai, hakiombi ruhusa ya mwenye sinema. Hapo huwa sina jibu la haraka, isipokuwa kumkumbusha kuhusu panya.

Basi Oktoba 2025 likatokea jambo. Kuna studio inaitwa AdHoc, iliyoanzishwa na watu waliotoka Telltale. Wakatoa Dispatch, sehemu nane. Ni habari ya shujaa ambaye vazi lake la chuma limeharibika, sasa anakaa ofisini na vipokea sauti masikioni, anawatuma kazini wahalifu wa zamani wanaojaribu kuwa watu wema. Ujanja wao uko kwenye ratiba. Sehemu zote zilikuwa tayari kabla ya ile ya kwanza kuuzwa. Wakawa wanazitoa mbilimbili kila Jumatano, kuanzia tarehe 22 Oktoba hadi tarehe 12 Novemba, wiki nne tu. Siku kumi za kwanza nakala zilizouzwa zikapita milioni moja, na idadi ya wachezaji ikawa inapanda wiki hadi wiki badala ya kushuka.

Kwangu mie hilo ndilo jibu, na nashangaa kwa nini ilichukua muda wote huo kulipata. Mtunzi wa hadithi ya gazetini aliyeandika sura zote kabla ya kuleta ya kwanza hamnyimi msomaji utamu wa kusubiri. Anamwondolea hofu tu. Gharama yake ni kwamba inabidi uwe na hela ya kulisha watu miaka yote hiyo kabla hujauza chochote, jambo ambalo Telltale walilikimbia tangu 2004. Studio ndogo nyingi hazitaweza. Nyingi zitaendelea kuuza ahadi, na watu kama mie tutaendelea kuzinunua, moja moja, kamwe si msimu mzima.

Yule fundi simu? Jumatano ya kwanza alisema anasubiri zote nane zitoke. Jumatano ya pili, saa sita usiku, simu yangu inaita. Pale kwenye sehemu ya tatu unalazimishwa kumtimua mmoja kati ya wawili: Sonar, jamaa anayegeuka popo, au Coupé, dada muuaji wa kukodiwa. Hata salamu hakunipa.

"Mwanangu, umemfukuza nani?"

Nikamwambia Coupé. Akanikatia simu.